Mwanza–Dar na mama yangu: tathmini ya mpakia mizigo aliyepanda kama abiria

Boksi la mama lilikuwa na kilo 14 za sato, na dada wa kaunta hakuliamini. Aliliweka kwenye mizani, akalilaza ubavu, akapitisha kiganja chini yake, akakiangalia kiganja, kisha akaligeuzia ubavu wa pili akafanya vilevile. Kikavu. Ndipo akabandika lebo. Baba mmoja nyuma yetu akaguna, akasema foleni nzima inasimamishwa na samaki. Mimi moyoni nilikuwa nimeshampa yule dada maksi zake zote.

Napakia na kupakua mizigo ya ndege Dar es Salaam, huu ni mwaka wa 11. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nimepanda ndege mara tatu tu, zote kwa tiketi za wafanyakazi, na kwa tiketi hizo mtu anakaa kimya, halalamiki, anashukuru kupata siti. Safari hii nililipa nauli kamili, tiketi mbili, mimi na mama, Mwanza kuja Dar, ndege ya asubuhi, mwezi uliopita. Mama ana miaka 71 na nyonga yake ya kulia imekwisha. Alikuwa na miadi ya kliniki, na kwa basi asingefika: hawezi kukaa saa mbili bila kunyooshwa mguu, sembuse kutwa nzima na usiku juu yake.

Shirika silitaji. Tunafanya kazi uwanja mmoja na watu wao, na jambo lililonikera naamini linaweza kutokea kwa mashirika mengine pia. Na kule Mwanza sikumwambia mtu kazi yangu. Nilitaka kuona anachokiona mtu asiyevaa riflekta.

Turudi kwenye samaki kidogo, maana ukanda ule wa ziwa hakuna ndege inayoondoka bila boksi la sato au sangara, na ugomvi wa kaunta mwingi unaanzia hapo. Maji ya samaki yakivuja kwenye tumbo la ndege hayakauki yakaisha kama chai iliyomwagika sebuleni. Yanapenya kwenye maungio ya sakafu, yanatulia chini kwenye bati na karibu na nyaya, na bati hilo yanalila polepole. Nimeshuhudia mafundi wakifungua paneli za sakafu ya sehemu ya mizigo moja moja ili waoshe na kukausha, ndege imesimama, abiria wake wamepangiwa nyingine. Na hata kabla ya bati, yapo mabegi ya wenzako. Shombo ikishaingia kwenye begi la nguo za harusi, hakuna maneno ya kumwambia mwenye begi.

Kwa hiyo sato wa mama niliwafunga mwenyewe nyumbani Sengerema. Walilala kwenye friza siku mbili mpaka wakagongana kama mawe. Kila wawili nikawatia kwenye mfuko wa plastiki wa kuhifadhia chakula, nikautoa hewa, nikaufunga, nikautia kwenye mfuko wa pili. Magazeti makavu chini na juu, boksi la povu, selotepu kuzunguka mfuniko wote. Barafu sikuweka hata kipande, kwa sababu barafu ni maji yanayosubiri. Tukavuka daraja la Kigongo–Busisi alfajiri, mama akilitazama kwa mshangao uleule wa kila siku; maisha yake yote alikuwa anavuka kwa kivuko, na foleni ya kivuko ingetukosesha ndege.

Pale kaunta dada alimuuliza kila mtu swali la betri, halafu akasubiri jibu. Si kuuliza huku anaangalia skrini. Kijana mmoja alikiri kwamba pawabanki iko ndani ya begi kubwa, akafunguliwa begi palepale, akaitoa, akaiweka kwenye mkoba wa mkononi. Alidhani anaonewa. Betri hizi za lithiamu zikishika moto kwenye siti, wahudumu wanazifikia. Zikishika moto chini kwenye mizigo, angani, hakuna mkono wa mtu unaofika. Zisizozidi wati-saa 100 zinaruhusiwa, lakini juu, na mwenyewe. Nashukuru dada hakuchoka kueleza, na alimwita yule kijana "kaka" mpaka mwisho.

Sasa ucheleweshaji, maana najua wengi ndicho wanachokitafuta kwenye tathmini ya ndege.

Tulipaswa kuondoka saa 2:40 asubuhi. Ndege, ya mapangaboi, iliingia karibu saa 2:35. Hapo tayari muda umekwenda, na kosa si la Mwanza. Kila ucheleweshaji una namba yake, na namba hizo ni zilezile duniani kote: 93 ni ndege iliyochelewa kuja kutoka ilikotoka, 41 ni hitilafu ya ndege yenyewe, 32 ni sisi, upakiaji na upakuaji. Namba 32 ikiandikwa, kiongozi wetu wa zamu anaitwa akaeleze. Abiria haoni namba hizi. Angeziona angejua amkasirikie nani.

Nilisimama dirishani na mama kwenye kitimwendo pembeni yangu, nikawatazama vijana wa rampu, yaani wanaohudumia ndege chini pale inapoegeshwa. Ndege ikasimama. Wao hawakusogea. Mapangaboi yakapunguza, yakasimama kabisa, na wao bado wako palepale nyuma ya mstari. Taa nyekundu inayomweka juu ya ndege ikazima. Ndipo mmoja akaenda na kabari akaziweka kwenye matairi, wa pili akapanga koni, na wengine wakaachiwa kusogea. Anayetaka kujua kama kampuni inafundisha watu wake, atazame sekunde zile za kabla ya taa kuzima. Ndege imechelewa, kila mtu anatamani kukimbia, na bado wanasubiri taa. Nilijisikia fahari kana kwamba ni vijana wa zamu yangu.

Halafu fundi, kwenye kuizunguka ndege, akasimama kwenye tairi la kushoto. Akachuchumaa. Akapitisha kidole, akawasha tochi, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Kapteni akaja naye akachuchumaa. Nikamwambia mama, "Mama, hapa tutakaa."

Tairi lilikuwa limechanika, nadhani lilikanyaga kitu. Kwenye mafunzo yetu ya kuokota takataka uwanjani, mfano wanaoutoa kila mwaka ni ajali ya ndege ya Concorde, Paris, tarehe 25 Julai 2000: kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi ikiwa mbioni, vipande vya tairi vikapiga tangi la mafuta, wakafa watu 113. Ndiyo maana mpakia mizigo anayejua kazi yake akiona hata zipu ya begi chini, anainama na kuitia mfukoni. Na ndiyo maana fundi aliyekataa tairi lile asubuhi ile, ndege ikiwa tayari imechelewa na watu wamejaa getini, ni mtu ninayetaka asifiwe hapa kwa maandishi. Kulikubali kungemgharimu sekunde moja ya kunyamaza.

Jeki ikaletwa, tairi jipya likaviringishwa, kazi ikaanza. Vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa upande wetu wa kioo.

Dakika 50 hakuna mtu wa shirika aliyesema neno. Saa ya kuondoka ikapita kwenye skrini, maandishi hayakubadilika. Dada mmoja mwenye mtoto akaenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba wasubiri tangazo. Watu wa Kanda ya Ziwa hawajasahau tarehe 6 Novemba 2022, Bukoba, ndege ndani ya maji, watu 19 kati ya 43 hawakutoka, na wavuvi ndio waliofika wa kwanza. Ukimnyamazisha abiria wa Mwanza mbele ya ndege iliyoinuliwa kwa jeki, ndicho kinachomjia. Nilimsikia mama mmoja akinong'ona kwa simu: "Wanaitengeneza, mwanangu, wanaitengeneza, sijui kama nipande." Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika rozari.

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia waliokuwa karibu, "Wanabadilisha tairi. Fundi ameona limechanika, amelikataa. Ni kama saa moja." Basi. Maneno hayo tu. Yule mama akashusha simu. Baba aliyekuwa akiguna foleni akaja dirishani, akaniuliza lile jeki linabeba tani ngapi, akasimama pale na mwanawe wakitazama mpaka nati za mwisho zikafungwa. Hakuguna tena.

Tangazo lilipokuja lilisema tumechelewa "kwa sababu za kiuendeshaji". Naomba shirika hili, na mengine yote, waachane na maneno hayo. Hayamdanganyi mtu na hayamtulizi mtu. Aliye getini si kwamba alikuwa na roho mbaya. Nilimwona, binti mdogo, ameshika redio na hakuna aliyemwambia kitu. Fundi anajua, kapteni anajua, kiongozi wa zamu anajua, na mtu pekee anayetazamana na abiria 70 uso kwa uso ndiye asiyejua. Mpeni sentensi moja. Tairi limechanika, tunalibadilisha, saa moja. Inapita kwenye redio kwa sekunde tano.

Nikaja kwenye lililoniuma mwenyewe.

Nilipokata tiketi kwa simu nilisema wazi: mama hawezi kupanda ngazi. Nikarudia, kwa sababu najua herufi zinavyotenda. Kwenye orodha ya abiria, anayehitaji kitimwendo anaandikwa kwa herufi za Kiingereza WCH, halafu ya nne ndiyo inayoamua kila kitu. R ni anayeweza kupanda ngazi mwenyewe ila hawezi kutembea mbali. S ni asiyeweza ngazi. C ni wa kubebwa mpaka kwenye siti yake. Herufi ya S ikiandikwa, kiti cha kubebea na watu wake wanapangwa mapema. Ikiandikwa R, mtu anasukumwa mpaka chini ya ngazi, anaambiwa karibu mama, panda.

Mama alikuwa ameandikwa R.

Tulijua hivyo tukiwa tumeshafika chini ya ndege, jua linawaka, abiria wengine wanapita kando yetu kupanda. Vidaraja si vingi kwenye ndege hizi, lakini kwa nyonga ya mama ni kama mlima Kilimanjaro. Akavitazama, akanitazama. Akasema kwa Kisukuma kwamba atajaribu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa.

Kijana aliyekuwa anamsukuma, wa rampu, umri kama miaka 24 au 25, akawahi. Alizunguka mbele ya kiti, akapiga goti moja chini kwenye lami ya moto ili macho yao yawe sawa. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." "Mama, mguu upi unauma?" Mama akamwonyesha. "Ukikaa hivi unauma, au ukisimama?" Akamwonyesha tena. Akasimama, akatoa redio, akaomba kiti chembamba cha kubebea kiletwe. Mkubwa wake, mwenye haraka ya ndege iliyochelewa, akaja akasema wambebe tu mikononi, wawili wanatosha, mama mwenyewe si mzito. Kijana akajibu kwa adabu, sauti ya chini, lakini bila kuyumba: "Hapana, bosi. Ni nyonga. Tukimkunja ataumia. Nasubiri kiti."

Tukasubiri kiti dakika sita. Mimi nimekaa upande huo wa kazi. Najua dakika sita baada ya saa nzima ya kuchelewa zina uzito gani kwa kijana wa zamu ambaye jina lake ndilo litaandikwa. Kiti kilipofika walimfunga mikanda kifuani na miguuni, mmoja nyuma juu, mmoja mbele chini, yeye akahesabu kwa sauti, "moja, mbili, panda," kila kidaraja hivyohivyo. Mguu wa kulia wa mama haukuguswa na kitu. Alipowekwa kwenye siti, kijana akamuuliza kama maji anayo. Mimi nilikaa nikafunga mkanda na koo limenikaba.

Huduma bora niliyoiona siku hiyo iliongeza dakika sita kwenye kuchelewa kwetu, na aliyeiandika herufi mbaya yuko ofisini kwenye kiyoyozi, hajui hata kama kuna mama aliyeachwa juani chini ya ngazi.

Kabla mlango haujafungwa, mhudumu alikuja kuomba abiria wawili wa mbele wahamie nyuma. Mmoja akakataa, kwamba siti ile aliichagua na kuilipia. Ndugu zangu, ukiombwa hivyo kwenye ndege ndogo, hama. Karatasi ya uzito anayosaini kapteni haionyeshi jumla ya kilo peke yake, inaonyesha zimekaa wapi. Ndege za aina ya ATR, kwa mfano, mlango wa abiria uko nyuma, na tunaziwekea nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia, kwa sababu watu na mizigo wakijazana nyuma mapema, pua inaweza kuinuka. Mwishowe alihama, na mhudumu alimshukuru kwa jina. Fidia ya siti aliyoilipia wangempa, lakini sikusikia ikitajwa, na hilo si sawa.

Angani sina mengi. Maji, korosho, wingu la kawaida, kapteni akaomba radhi na akalitaja tairi kwa jina lake, tairi. Mama alilala.

Dar nilitegemea tabu tena, maana orodha ileile yenye R ndiyo inayotumwa mbele. Mlango ulipofunguliwa nikaona kiti chembamba kiko chini ya ngazi na watu wawili wamesimama nacho. Mmoja wao ananifahamu, akashtuka kuniona natoka kama abiria. Nikamuuliza nani kawaambia. Akasema Mwanza walipiga simu mara tu ndege ilipoondoka, kwamba kuna mama wa siti fulani, nyonga ya kulia, asikunjwe, herufi waliyoandikiwa ni kosa. Hakuna utaratibu unaomlazimisha kijana wa rampu kupiga simu hiyo. Kazi yake kwetu ilikuwa imekwisha mlango ulipofungwa.

Mizigo ilianza kutoka baada ya dakika 17, si vibaya kwa asubuhi yenye ndege nyingi. Boksi la samaki lilikuja limekaa wima, kavu, lebo haijalowa. Begi langu likaja na mkono umeng'oka upande mmoja. Linang'oka hivyo likivutwa kwa mkono mmoja kutoka chini ya rundo badala ya kuondolewa la juu kwanza. Najua kwa sababu hata mimi nimeshafokewa kwa hilo nilipokuwa mgeni kazini. Nikaenda kwenye dawati la mizigo palepale, kabla ya kutoka ukumbini, nikajaza fomu, nikapiga picha begi na lebo yake yenye tarakimu kumi. Fanyeni hivyo. Kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal unakupa siku 7 kudai begi lililoharibika, lakini ukishatoka nje ya ukumbi kila mtu atasema limeharibikia kwenye bajaji. Na ng'oeni lebo za safari za zamani kabla ya kusafiri tena; skana haijui ipi ni ya leo. Mhudumu wa dawati alikuwa mwepesi na mkweli, begi limetengenezwa, nimelichukua juzi.

Kuhusu herufi niliandika malalamiko rasmi. Wamejibu baada ya siku tisa kwa barua ya shukrani isiyotaja herufi, ngazi, wala mama. Nimewaandikia tena na nikaambatanisha maelezo ya yule kijana, saa, tarehe na namba ya safari, nikiomba dakika zile sita zisiandikwe kwa jina lake.

Mama ana kliniki nyingine mwezi wa tatu. Nitakata kwa shirika hilihili, kwa ajili ya dada wa kaunta, fundi na kijana wa kiti. Ila tiketi nitaikatia dirishani, si kwa simu, na sitaondoka pale mpaka wamenigeuzia skrini nikaiona S kwa macho yangu. Mama ameshasema boksi la safari ijayo liwe na sato wawili wa ziada, wafungwe peke yao, tuwaache Mwanza uwanjani.